Aliyekula Sahani ya Fundi Baridi

Mlinzi wa mnara wa taa alimtazama Fundi Baridi juu hadi chini, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa siku nyingi, akauliza, "Leo mama umemwacha wapi?"

Mambo yalianzia hapo, mchana kweupe, watoto wa watu wanalamba barafu. Kama una roho nyepesi, mpe jirani asome yeye, wewe utasimuliwa.

"Mama gani?" Fundi akauliza.

"Mama yako, bwana! Si majuzi tu ulimpandisha mgongoni mpaka juu kwenye taa? Wageni walikupigia makofi. Mzee mmoja akawapigia simu wanawe papo hapo, akawatukana mpaka salio likamwishia."

Mke wa Fundi akageuka, mkono kiunoni. Binti yao, waliyemwita Kasuku kwa sababu hakuna neno alilolisikia asilirudie, akadakia, "Majuzi? Majuzi baba alikuwa nyumbani amelala."

"Umenifananisha," Fundi akasema.

"Labda."

Wakaanza kupanda. Walipofika kwenye kituo cha kwanza cha ngazi, Fundi kaukumbatia ukuta, ulimi nje, tumbo linapanda na kushuka peke yake. Mlinzi akamsogelea, akashusha sauti.

"Kweli nimekufananisha. Yule hakuhema hata kidogo."

Sasa nikwambie huyu Fundi Baridi ni nani. Aliitwa hivyo kwa sababu alitengeneza friji, na kwa kazi hiyo tusimnyime haki yake, alikuwa anaijua. Tatizo lilikuwa kumpata. Unampigia simu, nyama inaanza kunuka, anakujibu, "Niko njiani, bosi, naiona kona ya kwenu," kumbe yuko kitandani, mguu kautundika ukutani, anatafuta soksi kwa macho. Mafundi wote wana wimbo huo, lakini yeye alikuwa ndiye mwalimu wa kwaya. Na mteja ukimfunga kamba atanuna, atatafuta fundi mwingine, yameisha. Kosa la Fundi Baridi ni kwamba kamba hiyohiyo alimfunga nayo mama yake mzazi.

Mama alikaa mji huo wa pwani na dada yake mkubwa, wazee wawili katika nyumba moja. Kila akimpigia mwanawe simu, "Utakuja lini?" jibu lilikuwa, "Niko njiani mama, niwekee chakula." Miaka ikapita hivyo. Likizo hii mke ndiye aliyefungasha mabegi, akayatia kwenye buti, akamwambia, "Baba Kasuku, tunakwenda kwa bibi yake. Ukitaka baki na friji zako." Ndiyo maana wakafunga safari. Na hata baada ya kuendesha siku nzima, walipouona mji, Fundi alikata kona kuelekea mnara wa taa. Eti mtoto kwanza aone vivutio. Mtu asiye na uso wa kumtazamia mama yake anajua sana kukata kona.

Kutoka mnarani wakaenda kwenye magofu ya ngome. Mwanamke anayeuza maji mlangoni akampa Fundi chupa moja ya ziada: "Hii ya mama, ile ya baridi aipendayo." Fundi akaichukua. Mkewe akamnyang'anya, akaitia mkobani.

Ufukweni ndiko kulikomaliza utani. Mpiga picha mmoja, kamera shingoni, aliwakimbilia mchangani.

"Kaka! Kaka! Picha yenu ile mliiacha, nimeitunza."

Ilikuwa picha ya mama. Ameketi kwenye kiti kando ya maji, anacheka mpaka mapengo yote yanaonekana. Pembeni yake, mkono begani mwake, amesimama Fundi Baridi. Uso wake, kipara chake, shati lake la kazi lenye doa la oili mfukoni. Siku hiyo kulikuwa na upepo mkali. Mtandio wa mama ulikuwa umepaa ukasimama hewani, mchanga umetimka, mawimbi nyuma yamevunjika. Shati la yule mwanamume lilikuwa limetulia tuli, kama limepigwa pasi likiwa mwilini.

"Baba," Kasuku akasema polepole, "mbona wewe upepo haukugusi?"

"Ingieni kwenye gari," mama yake akasema.

Walifika nyumbani kwa bibi jua likiwa limeanza kulegea. Fundi alitarajia kilio, lawama, pengine kofi. Mama alifungua mlango, mkongojo mkononi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona mapema leo? Umesahau nini?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akainua mkono kumshika shavu, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo. Kiganja kikagusa jasho. Kikasita. "Ah," akasema, mfano wa mtu aliyefunua sufuria siyo. "Kumbe ni wewe."

Akamkumbatia mkamwana, akambusu mjukuu, akawaingiza ndani. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi. Bati lililokuwa likivuja tangu Fundi akiwa mwanafunzi lilikuwa limezibwa. Kitasa kilichokuwa kikining'inia kilikuwa kimekazwa. Na jikoni, mwenzangu, jikoni kulikuwa na sauti ambayo Fundi Baridi angeitambua hata akiwa maiti. Friji lilikuwa linanguruma.

Friji lile lilikuwa la mama, bovu. Miaka hiyo nyuma Fundi alilifungua, akang'oa kompresa, ule moyo wa friji, akasema anaipeleka karakana kuirekebisha. Akaifunga kwenye friji la mteja. Mama hakuambiwa, na wala hakuuliza.

"Nani amelitengeneza?"

"Wewe," mama akajibu kutoka sebuleni.

Akalifungua. Baridi ikampiga usoni, chupa za maji zina umande. Akalivuta mbele, akachungulia nyuma. Mahali pa kompresa palikuwa patupu vilevile alivyopaacha, nyaya mbili zimekatwa, utando wa buibui kutoka bomba hadi bomba. Plagi ilikuwa sakafuni. Friji linanguruma. Akaweka sikio karibu, kama afanyavyo kazini, na hapo akajivuta nyuma, kwa sababu ile haikuwa sauti ya mashine. Ilikuwa sauti ya kitu kinachoguna kwa mdomo kikiiga mashine.

"Mwanangu." Mtu alimnong'oneza kutoka ukumbini. "Njoo. Usivute miguu."

Alikuwa Mama Mkubwa, dada yake mama, ambaye macho yalimwishia uzeeni. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake, mlango nusu. Akamkamata mkono, akaupapasa, akaweka sikio kifuani pake.

"Unapumua. Afadhali. Wewe ndiye mwenyewe."

"Mama Mkubwa, nani anakuja hapa?"

"Sema polepole. Si ulikuwa unamwambia uko njiani? Basi mdogo wangu anaacha mlango wazi, anakuwekea sahani mezani, anaifunika, anakaa anakuita jina lako kimoyomoyo mpaka linamtoka mdomoni. Mimi namwambia funga mlango. Ananiambia, 'Atakuta pamefungwa, atadhani sikumsubiri.' Kila jioni. Mlango wazi, chakula mezani, jina linaitwa. Ulidhani halisikiki? Siku moja nikasikia sahani inafunuliwa."

"Labda paka."

"Paka hasemi shikamoo mama."

Fundi akataka kucheka, maana ndivyo alivyozoea. Badala yake akatupa jicho mlangoni.

"Mtoeni," bibi kizee akanong'ona, kucha zimezama kwenye mkono wake. "Mimi sioni, lakini nasikia. Anakaa pale mpaka tunalala na sisikii pumzi. Mtu hakai sebuleni bila pumzi, mwanangu. Mtoeni, au nitoeni mimi."

Jioni ikaingia. Walikula wote, vyombo vikaoshwa. Halafu mama akainuka kwa mkongojo wake, akapakua sahani nyingine, akaiweka mbele ya kiti cha mbao kilichokuwa cha Fundi tangu utotoni, akaifunika. Akaenda akaufungua mlango wa mbele wote.

"Mama," mkamwana akauliza, "si tumeshakula wote?"

"Mwenyewe bado."

Kwanza ikaja harufu. Fundi aliijua. Ni ile ya friji lililofungwa miezi bila umeme, ndani kuna kitu kimesahauliwa, unapolifungua unageuza uso. Kisha kwa mbali mluzi, ule wa Fundi, anaopiga akifika kwa mteja aliyemchelewesha, ukaja ukipita nje ya dirisha la kwanza, ukapita la pili, na nyayo chini yake, nyayo zenye kuburuza kisigino cha kushoto kama kisigino chake yeye anavyokiburuza, zikapanda kizingiti bila haraka, na taa ya ukumbini haikuzimika wala kucheza kama unavyosikia kwenye hadithi za waoga, ilibaki inawaka vizuri kabisa, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, kwa sababu kwenye mwanga huohuo mzuri kila mtu sebuleni alimwona Fundi Baridi akiingia mlangoni, shati safi, uso mtulivu, ilhali Fundi Baridi ameketi pale kwenye mkeka na binti yake amemng'ang'ania shingoni.

"Shikamoo mama," kikasema, kwa sauti ya Fundi, ile ya zamani kabla hajaanza kudanganya watu.

"Marahaba mwanangu. Pita. Tuna wageni."

Kikawatazama. Hakikukasirika. Kiliwatazama kama mwenye nyumba anavyotazama iwapo wageni wamepewa chai. Kikaketi kitini, kikafunua sahani, kikala taratibu, kisha kikapiga goti, kikauchukua mguu wa mama wenye maumivu, kikaanza kuukanda.

"Leo umeshindaje?"

"Afadhali ya jana," mama akasema, akafumba macho.

Kasuku, mtoto wa kurudia kila neno, hakutoa hata herufi. Fundi akajikaza, akafungua mdomo apige kelele, "Mama!" Midomo yake ikacheza, na neno "Mama" likatokea upande wa pili, kinywani mwa kile kilichopiga goti, laini, la upole. Akajaribu tena. Likatokea kulekule. Akabaki anafungua na kufunga mdomo kama samaki kwenye beseni, na kila alichotaka kumwambia mama yake, kile kilikuwa kinamwambia.

Asubuhi, mke ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka, mithili ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Alizunguka vyumba, akalinusa friji, akatema mate dirishani, akaketi.

"Huyu hakuvunja mlango," akasema. "Aliyejiingiza namtoa kabla chai yenu haijapoa. Aliyekaribishwa anatolewa na aliyemkaribisha. Mama, sema maneno mawili tu: toka kwangu. Mengine niachie."

Mama akakunja mtandio wake mapajani. Akaukunjua. Akaukunja.

"Mama," Fundi akasema, sauti imemrudia kulipokucha, "yule ni jini!"

"Najua."

Mganga akaweka kikombe chini.

"Nilijua siku ya kwanza. Nimekuzaa mimi, nitakukosea? Alipoingia, miguu ilikufa ganzi. Nikasema leo nimekwisha. Akaniuliza, 'Mama, umekula?' Miaka yote hiyo, wewe uliniuliza lini kama nimekula? Kesho yake akaja. Alivyosema atakuja, akaja. Akaniziba bati. Akanipandisha mnarani, nimezaliwa mji huu na sikuwahi kuiona bahari kutoka juu." Akamtazama mganga. "Nimfukuze nibaki na nani? Na simu?"

Fundi akatazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Wewe ungemjibu nini?

Mganga akapumua kwa nguvu. "Basi ipo njia nyingine. Kiti kile akikalie mwenyewe. Kila jioni, kabla yule hajafika. Akikuta kimejaa hawezi kupita. Atazunguka nje, atapiga kelele zake, mwisho ataondoka."

"Mpaka lini?" Fundi akauliza haraka.

"Angalia huyo! Mpaka achoke. Na nikwambie ukweli, baba, hao hawachoki upesi. Uvumilivu ndiyo kazi yao. Ukiacha kiti jioni moja tu, nisiitwe tena."

Fundi akakaa. Tumpe haki yake, alikaa. Jioni ya kwanza harufu ilikuja mpaka kizingitini ikasimama, na mkono ukasikika ukipapasa ukuta wa nje kuzunguka nyumba nzima, ukitafuta pa kupenya, huku Fundi akitoka jasho mpaka kiti kikateleza. Mama hakuongea naye. Alikuwa anasikiliza nje. Jioni iliyofuata vilevile. Lakini siku zikasogea, na Fundi, kwa kukosa la kufanya, akauchukua mguu wa mama akajaribu kuukanda.

"Taratibu! Unakanda au unafungua nati?"

"Nati ingekuwa imeshalegea, mama. Huu una kutu."

Mama akacheka. Alicheka kwa kushtukizwa, mpaka akajishika mbavu, na Kasuku akacheka, na Mama Mkubwa kule chumbani akauliza, "Kuna nini huko?" Nje, mkono ukutani ukasimama. Usiku ule harufu ilififia. Friji jikoni likanyamaza, na maji yakapata joto. Mama akayanywa hivyohivyo, akasema hayana neno.

Hapo ndipo simu ilipoita. Mwenye bucha kubwa, mteja mnene kuliko wote. Chumba chake cha barafu kimekufa, nyama yote iko hatarini, asipokwenda leo basi asikanyage tena pale.

"Mpe fundi mwingine," mkewe akasema.

"Nikimpa ndiyo nimeshampoteza."

"Na hapa ukipoteza?"

Fundi akaenda akachuchumaa mbele ya mama yake. "Mama, ni kazi ya siku moja. Kesho jioni, kabla ya giza, nimeshakaa hapa kitini. Nakuapia."

Mama akamnyoosha kola ya shati.

"Nenda baba. Kazi ni kazi."

Mama Mkubwa alikuwa wa kwanza kuingia kwenye gari. Hakuaga. Alikalia kiti cha nyuma, begi dogo mapajani, akajifunika kichwa gubigubi. Mke akawasha moto kwenye maneno kabla gari halijawashwa: "Na leo jioni atakaa nani?" Fundi akakanyaga mafuta. Kasuku aligeuka nyuma akapiga magoti kwenye kiti, akachungulia kioo cha nyuma kwa muda, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba bibi anafungua mlango.

Nyama ya bucha ilipona. Baada ya bucha kukawa na hoteli, baada ya hoteli kukawa na hospitali moja ya watu wenye pesa. Fundi alipiga simu mara mbili, ikapokewa na mama, mwenye furaha, mwenye haraka ya kukata. "Nipo na mwanangu hapa," akasema mara ya pili, kisha, "Haya, nawe msalimie mkeo."

Halafu asubuhi moja namba ya mama ikaita. Aliyeongea alikuwa na sauti ya Fundi mwenyewe.

"Mama ametutoka. Njoo, lakini usikimbize gari. Barabara ina mashimo."

Alikimbiza. Alifika viatu havina kamba, shati kageuza, akakuta wametoka kuzika. Uani watu wamejaa, na mbele, mahali pa mfiwa, kile kimeketi na uso wake, watu wanapanga mstari kukishika mkono. Mlinzi wa mnara alikuwapo. Mpiga picha alikuwapo. Mwanamke wa maji alikuwa analia kwa sauti.

"Mimi ndiye mwanawe!" Fundi akapiga kelele. "Mimi ndiye! Yule si mtu!"

Watu wakageuka. Wakamtazama yeye, wakamtazama yule, na nyuso zao zikalainika kwa huruma, kama unavyomhurumia mtu aliyechanganyikiwa na msiba.

"Kumbe wapo pacha," mtu mmoja akanong'ona. "Huyu mwingine alikuwa wapi?"

"Muulize vizuri. Hakuwahi kuonekana."

Kile kikainuka. Watu wakakipisha. Kikaja moja kwa moja mpaka kwa Fundi Baridi, kikafungua mikono, kikamkumbatia mbele ya umati, kwa nguvu, kama ndugu. Kilikuwa hakipumui. Fundi alitaka kujitoa, mwili ukagoma.

"Pole sana, ndugu yangu," kikasema sikioni pake. "Alikuwa anakutaja mpaka mwisho. Nikawa namwambia atakuja."

Begani pake Fundi akahisi shati linalowa. Kilikuwa kinalia. Machozi yalikuwa ya baridi kama maji ya chini ya barafu, lakini yalikuwa machozi, tena mengi. Fundi akainua mkono akajipapasa macho yake mwenyewe. Akapapasa tena, kwa nguvu, mbele ya watu wote. Yalikuwa makavu.